Turubai jepesi: jioni limekaza, usiku linapwaya. Tatizo ni baridi, fundo au kitambaa?

#1 Lala_Nje
Habari wakuu, niende moja kwa moja.

Nina turubai la nailoni lililopakwa silikoni, mraba wa mita 3 kwa 3. Nalitega kwa umbo la A, fimbo ya kutembelea mbele na nyingine nyuma, vigingi pembeni. Jioni linakaza, ukiligonga kwa kidole linalia. Usiku wa manane ubavu umebonyea hadi unagusa mfuko wa kulalia, na upepo ukija linapigapiga mpaka usingizi unakata. Asubuhi nakagua: vigingi havijang'oka, mafundo yapo.

Mimi nasema ni baridi, kitambaa kikipoa kinalegea. Ninayesafiri naye anasema sijui kufunga kamba. Nani yuko sahihi? Na nyie mnalikazaje likabaki limekaza?

#2 Kigingi_Kimoja
Mmekosa wote wawili. Nailoni inakunywa maji. Ikinywa, inarefuka. Siyo baridi yenyewe, ni unyevu unaokuja na baridi: hewa ikipoa usiku, unyevunyevu wake unapanda, umande unashuka, kitambaa kinalowa hata kama mvua haijanyesha. Dawa: kabla ya kulala toka nje, kaza tena. Mvua ikianza, kaza tena. Ndiyo hivyo.

#3 Mzee_wa_Kambi
Vijana mnapotoshana. Sisi tulifundishwa kinyume kabisa: kabla ya kulala unalegeza kamba, maana zikilowa zinajikaza zenyewe hadi zinang'oa vigingi au kuchana kitambaa. Aliyesahau kulegeza aliamka hema limemwangukia. Leo naambiwa maji yanalegeza. Maji yamebadilika?

#4 Tanga_Mbili
Maji hayajabadilika mzee wetu, hema ndilo limebadilika 😂

#5 Maabara_ya_Porini
Shikamoo Mzee_wa_Kambi. Wewe na #2 mko sahihi wote, mnazungumzia vitu viwili tofauti.

Kamba ya katani au pamba ni nyuzi zilizosokotwa. Zikilowa zinavimba kwa unene. Msokoto ukivimba unahitaji urefu zaidi kuzunguka, kwa hiyo kamba nzima inafupika. Turubai zito la pamba ni vilevile: uzi unavimba, vitundu vinaziba, kitambaa kinajivuta. Ndiyo maana mlilegeza.

Nailoni maji yanaingia hadi ndani ya uzi wenyewe, katikati ya minyororo ya molekuli, yanalegeza mishiko inayoishikanisha. Uzi unarefuka. Nailoni iliyoshiba maji inabeba kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Aliyehamia poliesta atakwambia kelele zote hizi hazimhusu.

#6 Poliesta_Damu
Kelele zote hizi hazinihusu.

#7 Mzee_wa_Kambi
Marahaba kijana. Nimekuelewa. Basi na ile hadithi ya nguzo ya mawe kule Vatican ni ya kweli: kamba zilikuwa zinakatika, baharia akapiga kelele "zimwagieni maji!", zikajikaza, nguzo ikasimama.

#8 Maabara_ya_Porini
Nguzo yenyewe ni kweli, Domenico Fontana aliisimamisha mwaka 1586. Baharia ni wa simulizi tu mzee, usimuweke kwenye ushahidi. Ila kanuni ya kamba kujikaza ikilowa iko sawa.

#9 Hesabu_Kwanza
Naona watu wanasema "inarefuka" halafu wanapita. Inarefuka kiasi gani? Hapo ndipo utamu ulipo.

Chukua ubavu wa turubai la mleta uzi, kutoka mgongoni hadi pindo, sentimita 150. Kirefuke kwa asilimia 1 tu, yaani sentimita moja na nusu. Ukitazama unasema si kitu. Lakini juu umefunga na chini umefunga, ule urefu wa ziada hauna pa kwenda isipokuwa kubonyea. Kwa tao lisilo na kina kirefu, ziada ni takriban 8 mara kina kilichozidishwa chenyewe, ugawe kwa 3 mara urefu. Piga hesabu: sentimita 1.5 za ziada zinatoa mbonyeo wa kama sentimita 9 katikati.

Kwa hiyo usitafute kosa kubwa, Lala_Nje. Kadosari kidogo popote, kwenye kitambaa, kamba, fundo au kigingi, kanatosha kukushushia paa usoni.

#10 Lala_Nje
Asante sana #9, hii sijawahi kuiona ikielezwa. Lakini sasa swali langu limekuwa gumu zaidi: kama sentimita moja na nusu inatosha, nitajuaje imetoka wapi?

#11 Fundo_Juu_ya_Fundo
Imetoka kwenye fundo, kaka. Watu wanafunga lile fundo la kuteleza (mizunguko miwili ndani, mmoja nje) kwenye vikamba vyembamba vya Dyneema (nyuzi za plastiki imara mno) halafu wanashangaa. Ile nyuzi ni utelezi mtupu. Fundo linashika ukiliangalia, halafu linatambaa milimita kwa milimita upepo unapolitikisa. Asubuhi unasema "mafundo yapo". Yapo ndiyo, lakini yapo pale ulipoyaacha?

Weka alama ya kalamu kwenye kamba pale fundo linapoishia jioni. Asubuhi utaniletea majibu.

#12 Lala_Nje
Alama nitaweka. Na ni dada, siyo kaka.

#13 Fundo_Juu_ya_Fundo
Samahani dada. Ongeza mzunguko mmoja wa ndani, uwe wa tatu. Au tumia kamba yenye moyo wa Dyneema na ganda la poliesta: moyo haunyooki, ganda linashika fundo. Kwenye kamba ya mgongo weka fundo la Prusik, lile la Karl Prusik wa Austria, 1931: kitanzi kinachosogea ukikisukuma, kinang'ata kikivutwa. Kitanzi chake kiwe chembamba kuliko kamba kinayoishika, la sivyo haking'ati.

#14 Fundi_Cherehani
Mnaongelea maji na mafundo, hakuna aliyeuliza kitambaa kimevutwa kuelekea wapi. Mimi nashona hivi vitu.

Kitambaa kina mtande (nyuzi za urefu) na mshindio (nyuzi za upana). Ukikivuta kufuata mtande, hakinyooki. Ukifuata mshindio, kinanyooka kidogo. Ukikivuta mshazari, kona kwa kona, kinanyooka hata kama hakijaona tone la maji, kwa sababu huvuti uzi, unapindisha vile vimiraba vidogo vya ufumaji. Shika leso ujaribu sasa hivi.

Mraba wa 3 kwa 3 ukitegwa kwa umbo la A, mgongo unafuata mtande au mshindio, hapo sawa. Lakini kwenye zile kona nne watu wanavuta kila mmoja anavyojua. Kona ikivutwa kwa nyuzi 45 kutoka kila pindo, nguvu inagawanyika, mapindo yote mawili yanapata. Ukisogeza kigingi mbele kidogo, pindo la mbele linapwaya. Ukikisogeza pembeni zaidi, pindo la chini linalegea. Halafu unakaza zaidi kudanganya macho, mshazari unavutika, na usiku unaachia.

Mikunjo inasema yenyewe, ijifunze. Mkunjo hulala kufuata mvuto. Ukiona mkunjo unatoka kilele cha fimbo unakwenda hadi kona ya chini ya upande wa pili, maana yake mstari huo umezidi na kilichopungua ni mvuto wa kuukata. Usikaze kona hiyo. Legeza, kisha sogeza kigingi cha jirani mpaka mkunjo ufe. Kwa kawaida unasogeza upana wa kiganja tu.

#15 Kigingi_Kimoja
#14 hapo umemaliza kuhusu jioni. Ila yeye jioni linakaza, tatizo ni usiku. Mshazari hauji na saa.

#16 Fundi_Cherehani
Unakuja. Ukiwa umekaza kwa kuvuta mshazari, umeweka mvuto mahali pasipoweza kuutunza. Upepo ukitikisa kidogo unahama.

#17 Tanga_Mbili
Kwa hiyo tumefika wangapi? Maji, fundo, mshazari. Bado kigingi na jini.

#18 Udongo_Laini
Kigingi nimekuja kukisemea. "Vigingi havijang'oka" si sawa na "vigingi havijasogea". Kigingi kwenye ardhi laini kinakata udongo taratibu, juu kinainama kuelekea turubai, chini kiko palepale. Sentimita moja kila upande na hesabu ya #9 imetimia. Mvua ikilowesha ardhi ndiyo kabisa.

Vile vya waya wenye ndoano ni vyepesi lakini vinapita udongoni kiulaini. Vile vya aluminiamu vyenye umbo la Y vina uso mpana wa kusukuma udongo, vinashika zaidi. Kona za upande wa upepo ziwe za Y, zilizobaki weka waya ukitaka kupunguza uzito. Kwenye mchanga achana na kigingi: zika gogo au mfuko uliojaa mchanga, kamba ifungwe katikati yake. Kwenye mwamba, kamba izunguke jiwe dogo, na jiwe kubwa likae mbele ya lile dogo kulizuia.

#19 Nyuzi_Tisini
Naongeza: kigingi kiinamie nje, kichwa kiwe mbali na turubai, ili kikae nyuzi 90 na kamba.

#20 Udongo_Laini
Hapana. Kigongomee wima. Ukikilaza sana ncha inakuwa karibu na uso wa ardhi, udongo ulioko juu yake ni mchache, unabanduka wote kwa pamoja.

#21 Nyuzi_Tisini
Wima kamba inapanda hadi kichwani na kuchomoka.

#22 Udongo_Laini
Kama kichwa hakina ndoano hilo ni suala la kununua kigingi cha maana, siyo la pembe.

#23 Poliesta_Damu
Hili la pembe nilishaliona linabishaniwa kwenye mijadala mingine mitatu, halijawahi kuisha. Tuendelee.

#24 Mkia_wa_Mnyororo
Mimi nashangaa hakuna aliyetaja mkato wa mgongo. Maturubai mazuri hayakatwi mstari ulionyooka. Mgongo na mapindo hukatwa kwa mkunjo mdogo wa ndani, ule wa mnyororo unaoning'inia. Kitambaa chochote kinachoning'inia kitabonyea tu, kwa hiyo fundi anaukata mbonyeo mapema, na ukivuta ncha mbili mvuto unasambaa pindo zima. Turubai la mraba lililonyooka utavuta mpaka ukome, katikati ya pindo patapigapiga. Galileo ndiye aliyegundua mkunjo huo.

#25 Hesabu_Kwanza
Galileo hakuupata. Mwaka 1638 aliufananisha na parabola, na kwa mbonyeo mdogo vinakaribiana kweli. Jibu lenyewe lilitolewa 1691, na Leibniz, Huygens na Johann Bernoulli, kila mmoja kwa njia yake. Ila hoja yako ya turubai ni sahihi.

#26 Fundi_Cherehani
Sahihi nusu. Mkato ule unasaidia ukitega kwa umbo moja lililokusudiwa. Ukitaka turubai la kutega kwa namna kumi, bapa ndiyo rafiki. Lenye mkunjo ukilishusha pindo hadi chini linaacha mwanya, upepo unapita chini yake.

#27 Mkia_wa_Mnyororo
Mwanya wenyewe ni wa kupitisha hewa, turubai halitoi jasho ndani. Hiyo ni faida.

#28 Fundi_Cherehani
Utaniambia mvua ya upande ikija.

#29 Chandarua_Angani
Mimi nalala kwenye machela kati ya miti miwili, kwa hiyo nina kamba ya mgongo inayopita mti hadi mti, turubai juu yake, na mafundo mawili ya Prusik yanalivuta kila upande. Kamba inabeba, turubai linakaa tu. Linapwaya kidogo sana.

Ila naona watu wanaikaza hiyo kamba hadi inataka kulia, kwa fundo lile la kufungia mizigo kwenye lori. Kuna haja?

#30 Hesabu_Kwanza
Haipo, na ni hatari kwa kamba nyembamba. Weka mzigo wa kilo 10 katikati, tuseme turubai limelowa na upepo unalikandamiza. Kamba ikiwa imeinama nyuzi 15 kila upande, kila nusu inabeba kama kilo 19. Ikiwa imeinama nyuzi 5 tu, inabeba kilo 57. Kadiri unavyotaka inyooke ndivyo mvuto unavyopaa, na kuinyoosha kabisa haiwezekani hata ukileta winchi.

#31 Kigingi_Kimoja
Na kamba ipite juu ya turubai au chini?

#32 Chandarua_Angani
Chini. Inalishikilia mgongo wote.

#33 Fundo_Juu_ya_Fundo
Juu, ifungwe kwenye vitanzi vya mgongo. Ikiwa chini inasugua mshono na maji yanatambaa juu yake hadi ndani.

#34 Chandarua_Angani
Weka kikamba kidogo kinachoning'inia nje ya pindo, maji yatadondoka hapo. Tatizo kwisha.

#35 Lastiki_Nne
Mbona mnateseka? Kila kona weka kitanzi cha lastiki kati ya turubai na kamba. Vuta mpaka lastiki irefuke karibu mara mbili. Kitambaa kikirefuka usiku, lastiki inarudi na kula ule ulegevu. Unalala.

#36 Udongo_Laini
Upepo wa kweli ukija lastiki inaruhusu turubai lijae na kunyauka, lijae na kunyauka, na kila likijaa linavuta kigingi kwa mshtuko. Tena mvutano ukipungua ndipo kupigapiga kunapoanza.

#37 Lastiki_Nne
Ndiyo maana unaweka kamba ya kawaida sambamba na lastiki, ndefu kidogo kuliko yenyewe. Lastiki ikifika mwisho, kamba inapokea.

#38 Poliesta_Damu
Lastiki, kamba sambamba, kutoka nje usiku wa manane... Nunueni poliesta jamani.

#39 Tanga_Mbili
Huyu analipwa na poliesta.

#40 Maabara_ya_Porini
Poliesta ina haki yake lakini nailoni ya unene uleule ni imara zaidi kwa kuchanika, na ule unyumbufu mnaoulaumu ndio unaosamehe mtegaji. Kitambaa cha Dyneema hakinyooki kabisa, na mita ya mraba ya kile chembamba haifiki gramu 20, wakati nailoni ya silikoni ya kawaida iko kwenye 45 hivi. Lakini ukikosea kigingi kwa kiganja kimoja, mkunjo unabaki hapo hadi asubuhi. Huwezi kuubembeleza.

#41 Lala_Nje
Mrejesho. Usiku ulikuwa mkavu na wa baridi kali, hakuna umande. Nimeweka alama ya kalamu kila kamba kama alivyosema #11, na vijiti pembeni ya vigingi.

Mafundo: mawili yamesogea, manne hayajasogea. Vigingi: kimoja cha waya kimeinama. Turubai: limepwaya, ila kidogo kuliko siku za umande.

Kwa hiyo baridi yangu imekufa, nakubali, lakini sijui nimpe nani ushindi.

#42 Fundo_Juu_ya_Fundo
Mawili yamesogea. Sina la kuongeza.

#43 Kigingi_Kimoja
"Kidogo kuliko siku za umande." Sina la kuongeza mimi pia.

#44 Udongo_Laini
Kimoja kimeinama 😎

#45 Maabara_ya_Porini
Kamba zako ni za nini, Lala_Nje? Maana kama ni nailoni, zenyewe zinarefuka kama kitambaa, na hapo #2 na #11 watagawana. Jaribu hivi: ning'iniza kipande cha kamba chenye jiwe, weka alama, kilowanishe, kipime baada ya nusu saa.

#46 Lala_Nje
Ni nailoni. Nimening'iniza. Imerefuka, inaonekana kwa macho.

#47 Poliesta_Damu
Poliesta.

#48 Mpita_Njia
Nimesoma uzi wote, naomba mpangilio wa kutega kwa mtu anayeanza. Hapa nimepata sababu kumi, hatua hakuna.

#49 Fundi_Cherehani
Mgongo uelekeze kulingana na upepo, ncha ya chini ndiyo iukabili. Piga kigingi cha mgongo cha nyuma, kisha cha mbele, vikae mstari mmoja na mshono. Fimbo zisimame zikiwa fupi kuliko unavyotaka, sentimita tano hivi. Kisha kona za upande wa upepo, kisha za upande wa pili, zote kwa nyuzi 45, bila kukaza sana. Sasa soma mikunjo, sogeza vigingi. Mwisho kabisa ndiyo urefushe fimbo, zile sentimita tano. Hapo turubai zima linakaza kwa pamoja, na usiku likilegea unarefusha fimbo kwa ndani bila kuvaa viatu.

#50 Kigingi_Kimoja
Hiyo ya kubakiza urefu wa fimbo ingekuwa posti ya pili tungelala mapema.

#51 Nyuzi_Tisini
Na vigingi viinamie nje.

#52 Udongo_Laini
Wima.

#53 Lala_Nje
Fundi, swali la mwisho. Nataka kushona kitanzi katikati ya ubavu, nivute nje pale panapobonyea. Gundi gani inazuia maji kwenye matundu ya sindano?

#54 Fundi_Cherehani
Silikoni peke yake, ile ya mrija, izimue na spiriti nyeupe (white spirit ya kuzimulia rangi, siyo ile ya kuwashia moto) ipakike kwa brashi. Juu ya silikoni hakuna kingine kinachoshika, na tepu za kawaida zinabanduka. Shona kiraka cha kitambaa kilekile kwanza, kitanzi juu yake, mvuto usiende kwenye mshono mmoja.

#55 Chandarua_Angani
Kabla hujatoboa, jaribu na kokoto. Chukua laini isiyo na kona, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, iweke upande wa ndani, ikunje na kitambaa, funga kamba shingoni kwa nje. Vuta uone kama pointi yenyewe ndiyo hiyo. Mara nyingi inakuwa chini kidogo ya ulipodhani.